Sanduku la fundi wa silaha: chapa ndogo kwenye chuma, na swali kubwa kwa Kongo

Kila mara silaha zinapozungumziwa mashariki mwa Kongo, hesabu inahusu bunduki: ngapi zimerudishwa, ngapi zimekamatwa, ngapi zimebaki porini. Sanduku la vyombo vya fundi anayezitengeneza halihesabiwi na mtu. Ulaya na Marekani kuna watu wanaofanya kinyume: wanaiacha bunduki na kulitafuta sanduku. Ni kisanduku cha mbao au mfuko wa turubai wenye turnevisi, tupa, nyundo ndogo ya shaba, koleo na vipimo vya chuma, ambavyo fundi wa jeshi alivibeba miaka 80 iliyopita au zaidi. Wanalinunua kwenye minada ya intaneti au kwenye maonyesho ya vitu vya kijeshi kama yale ya Ciney, Ubelgiji, kisha wanakaa nalo usiku kucha wakichunguza maandishi ambayo jicho linayaona kwa shida.

Mtu anaweza kusema huo ni mchezo wa watu wenye pesa na nafasi nyumbani. Kwa sehemu ni kweli. Lakini kinachowasumbua wakusanyaji hao, yaani kujua sanduku lilitengenezwa wapi, mwaka gani, kwa bunduki gani na kwa jeshi gani, ndicho kinachowasumbua pia wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanapoonyeshwa bunduki iliyokamatwa Masisi au Djugu na kujiuliza imefikaje pale. Wote wanasoma chapa. Na upande wa Ubelgiji, chapa hizo zinaigusa Kongo moja kwa moja, kwa sababu jeshi la koloni lilipewa silaha zake kutoka huko.

Kazi ambayo askari haruhusiwi

Askari anafundishwa kufungua bunduki yake ili aisafishe na kuipaka mafuta. Kuna sehemu ambazo haruhusiwi kuzigusa, na hapo ndipo kazi ya fundi wa silaha inapoanza. Mfano ni kulasi, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu wakati risasi inapolipuka. Kati ya kulasi na mtutu kuna nafasi ndogo sana. Ikiwa ndogo mno, bunduki haifungi. Ikiwa kubwa mno, ganda la risasi linaweza kupasuka na moto ukarudi kwenye uso wa mpigaji.

Kwa bunduki ya Waingereza aina ya Lee-Enfield, ile iliyobebwa na askari wa King's African Rifles kule Kenya, Uganda na Tanganyika, fundi alikuwa na vipimo viwili vya chuma. Kimoja kina inchi 0.064, sawa na milimita 1.63, na kulasi lazima ifunge juu yake. Cha pili kina inchi 0.074, sawa na milimita 1.88, na kulasi haipaswi kufunga. Ikifunga, bunduki inatoka kazini mpaka itengenezwe. Kwa aina ya No. 4, fundi alibadilisha kichwa cha kulasi: vilitengenezwa kwa ukubwa wa aina nne, vikiwa na numero 0, 1, 2 na 3, kila kimoja kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Tofauti yao ni ndogo kuliko unene wa unywele mnene. Ndiyo maana kipimo chenye kutu kidogo tu hakina faida tena kwa fundi, hata kama mkusanyaji atakinunua kwa furaha.

FAL ya Wabelgiji inafuata njia nyingine. Ndani yake kuna kipande cha chuma ambacho kulasi inakiegemea, na kiwanda kilitengeneza vipande hivyo kwa ukubwa tofauti tofauti ili fundi achague kinachofaa. Mosin ya Warusi ilikuja na turnevisi bapa yenye mikato miwili pembeni, mmoja umeandikwa 75 na mwingine 95. Mtu asiyejua atadhani ni namba za kiwanda. Kumbe mikato hiyo inapima urefu wa pini inayogonga risasi: lazima iguse mkato mmoja na ipite chini ya mwingine.

Kwa hiyo kila bunduki ina vyombo vyake. Wazo hili linaonekana dogo, lakini kwa nchi kama Kongo lina uzito. Tuchukue kalibri ambayo kila mtu mashariki anaijua kwa jina, 7.62. Risasi ya AK ni 7.62 kwa milimita 39. Ya FAL ni 7.62 kwa 51. Ya bunduki ya rashasha PKM ni 7.62 kwa 54. Na ile ambayo Wamarekani wanaiita .30-06, iliyotumiwa pia katika bunduki aina ya FN-49 zilizotumwa Kongo ya Wabelgiji, ni 7.62 kwa 63. Jina moja, risasi nne, na kipimo cha moja hakifai kwa nyingine. Depo yenye silaha za nchi 5 inahitaji masanduku ya nchi 5.

Namna ya kusoma chapa

Mkusanyaji mwenye uzoefu haanzi na vyombo. Anaanza na sanduku tupu. Masanduku mengi ya jeshi yalichongwa ndani ili kila chombo kiwe na shimo lake, kwa umbo lake. Shimo likiwa na umbo la koleo na ndani kumewekwa tupa, kuna mtu ameingilia. Chini ya kifuniko mara nyingi kulibandikwa orodha ya vyombo, na orodha hiyo ikibaki, hata imechanika nusu, bei inapanda kuliko kama kungekuwa na chombo kimoja zaidi. Waingereza walikuwa na tabia ya kuandika jina la kitu kwanza na kazi yake baadaye, mfano wa mtu anayeandika: chombo, cha kuondoa, pini. Mfumo huo wenyewe ni alama ya kwanza ya uraia wa sanduku.

Baada ya hapo ndipo chapa. Ya Waingereza ni rahisi kuikumbuka: mshale mpana wenye mistari mitatu inayokutana juu, kama mguu wa kuku. Ulitumika kwa karne nyingi kuonyesha kuwa kitu ni mali ya serkali. Nchi zilizokuwa chini ya Uingereza zikauchukua na kuubadilisha kidogo. Kanada iliuweka ndani ya herufi C. Afrika Kusini iliuweka ndani ya U. Uhindi iliweka herufi I juu ya mshale, na Australia iliuweka kati ya herufi D mbili. Mtu anayeuza turnevisi ya Kanada akisema ni ya Uingereza anaweza kuwa mjinga au mwongo, na sokoni tofauti hiyo haimsaidii mnunuzi.

Kuna chapa moja ya Waingereza ambayo inastahili kusimamiwa kidogo: mishale miwili inayogusana kwa ncha. Maana yake ni kwamba kitu kimetolewa rasmi katika mali ya jeshi na kuuzwa. Chuma chenyewe kinasema kwamba mwenye nacho hakukiiba. Ni vigumu kuona chapa hiyo bila kufikiria depo za kwetu, ambako silaha hutoka mikononi mwa serkali bila chuma wala karatasi kusema lolote.

Wamarekani walipiga chapa ya bomu la mviringo lenye moto juu, alama ya idara yao ya silaha, na kuongeza namba ya mchoro wa kiwanda. Baadaye ikaja namba ya stoo ya serkali yenye tarakimu 11. Mwaka wa 1974 ziliongezwa tarakimu 2 za kuonyesha nchi, na namba ikawa na tarakimu 13. Hapo mkusanyaji anapata kisu chake kikali zaidi. Sanduku likiuzwa kama la Vita vya Pili vya Dunia na lebo yake ina tarakimu 13, basi lebo hiyo haikuwa pale vita ilipoisha. Labda sanduku ni la zamani na lebo ni mpya, labda vyote ni vipya, lakini maneno ya muuzaji yameanguka.

Namba hiyo inasema mengi kwa anayejua kuigawa. Tarakimu 4 za kwanza zinaonyesha aina ya kitu: 1005 ni bunduki na vipande vyake mpaka kalibri ya milimita 30, 4933 ni vyombo maalum vya kutengeneza silaha, 5180 ni masanduku ya vyombo vya mkono. Mbili zinazofuata ni nchi iliyoandikisha kitu hicho: 00 au 01 kwa Marekani, 99 kwa Uingereza, 12 kwa Ujerumani, 14 kwa Ufaransa, 13 kwa Ubelgiji. Kwa hiyo chombo kinachoanza na 4933-13 ni cha kutengeneza silaha, na kimeandikishwa Ubelgiji. Hakuna siri ya kijeshi hapo, ni mfumo wa stoo ambao nchi za NATO zinautumia kila siku.

Wajerumani wa wakati wa Hitler walificha viwanda vyao nyuma ya herufi ndogo. Herufi byf zilikuwa za Mauser ya Oberndorf. Pembeni waliweka tai mdogo pamoja na herufi WaA na namba ya mkaguzi. Herufi ch, mbili tu, zilikuwa za FN ya Herstal, karibu na Liège, kiwanda kilichokuwa mikononi mwa Wajerumani tangu 1940 mpaka 1944. Chombo chenye ch kinauzwa kama cha Kijerumani, na kwa maana fulani ni kweli, lakini kilitoka katika mashine za Wabelgiji.

Baada ya vita, jeshi la Ubelgiji lilipiga herufi ABL kwenye mali yake, kifupi cha jina lake kwa Kifaransa na Kiflamanda. Lilikuwa limevaa na kubeba vitu vingi vya Waingereza, kwa hiyo chombo chenye mshale wa Waingereza na ABL pamoja si lazima kiwe bandia. Wakusanyaji wapya wanaikataa mali hiyo wakidhani wamedanganywa, na wazee wa soko wanaichukua polepole bila kusema neno.

Udanganyifu upo, na wa kawaida si chapa ya uongo. Ni sanduku la kuunganisha: mbao halisi, vyombo halisi, lakini kila kimoja kilitoka sehemu yake na mtu mmoja akavikusanya mwaka jana. Kisheria huenda hakuna kosa, kwa sababu turnevisi si silaha na muuzaji hakughushi kitu. Lakini kwa historia, sanduku hilo halisemi chochote. Linaonyesha kile ambacho jeshi lilipaswa kuwa nacho kwenye karatasi, halionyeshi kile ambacho fundi fulani, katika atelye fulani, alikuwa nacho mkononi. Turnevisi zenye ncha zilizosuguliwa upya ili ziingie vizuri kwenye skurubu, mpini uliokula jasho la mtu mmoja kwa miaka, herufi za jina zilizochorwa kwa msumari: hivyo ndivyo ushahidi, na ndivyo ambavyo muuzaji mwenye haraka huvisafisha ili chuma king'ae.

Kutoka Herstal mpaka Kongo

FN ilianzishwa mwaka wa 1889 kwa kazi moja: kutengenezea serkali ya Ubelgiji bunduki 150.000 za Mauser. Wakati huo Kongo ilikuwa mali binafsi ya Leopold wa Pili, na Force Publique ilikuwa inaunganishwa ili kuilinda mali hiyo na kuwalazimisha wakaaji kuleta mpira na pembe. Mwanzoni askari walibeba Albini, bunduki nzito ya risasi moja. Baadaye zikaja Mauser za kalibri 7.65, kisha FN-49, na baada ya uhuru FAL. Kwenye bunduki za jeshi hilo zilipigwa herufi FP.

Mwaka wa 1916 jeshi hilo liliingia Tabora, katika Tanzania ya leo, likiwa limetembea kwa miguu kutoka Kivu na Ruanda-Urundi. Mwaka wa 1941 lilipokea Waitalia waliojisalimisha Saïo, Ethiopia. Vitabu vinahesabu askari, wabebaji mizigo na majenerali. Bunduki zilizovumilia vumbi na mvua ya safari hizo zilihitaji mtu wa kuzitengeneza njiani, na huyo haonekani sana.

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru bila kuwa na afisa hata mmoja Mkongomani katika Force Publique. Siku chache baadaye askari wakaasi, na jeshi likabadilishwa jina kuwa Armée Nationale Congolaise. Uasi huo unaelezwa kwa siasa na mishahara, na ni sawa. Kuna upande wa stoo pia. Jeshi ambalo maafisa wake wote ni wageni, kisha wageni hao wanaondoka kwa majuma machache, linabaki na bunduki mkononi huku waliokuwa wakisimamia depo, rejista na atelye wako kwenye ndege.

Kisha silaha zikaja kutoka kila upande. Wamarekani na Wabelgiji waliisaidia serkali. Waasi wa Simba wa 1964 walipata msaada wa nchi za upande wa kikomunisti. Katika miaka ya 1970 Mobutu alileta wakufunzi wa Korea ya Kaskazini kwa divisheni ya Kamanyola, huku akiendelea kupokea mali ya nchi za magharibi. Vita vya 1996 na 1998 viliongeza majeshi ya nchi jirani. Kila wimbi lilileta bunduki zake. Mtu anayetazama silaha zinazokamatwa leo katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri anaona matabaka ya historia hiyo, moja juu ya lingine.

Pale chapa inapokuwa swali la usalama

Tangu Julai 2003, kwa azimio 1493, Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo vya silaha kwa makundi yenye silaha mashariki mwa Kongo. Mwaka uliofuata, azimio 1533 liliunda kundi la wataalamu wa kufuatilia. Ripoti zao zinaonyesha picha za bunduki zikiwa karibu kabisa na kamera, upande wa chapa. Hapo ndipo mambo ya mkusanyaji yanapoacha kuwa mchezo.

Tuchukue mfano mmoja. Pembetatu yenye mshale ndani ni chapa ya kiwanda cha Izhevsk, Urusi. Romania nayo, katika kiwanda cha Cugir, ilitumia pembetatu yenye mshale. Tofauti iko kwenye mkia: mshale wa Izhevsk una manyoya, wa Romania hauna. Pembetatu yenye 66 ndani ni ya Uchina. Mbili zinazoviringana zenye 10 katikati ni za Bulgaria. Mtu anayepiga picha kwa haraka, chuma kikiwa na tope, atawaandikia Warusi kuuliza habari za bunduki ya Waromania. Barua hiyo itapoteza miezi, na baadhi ya nchi hata zikiulizwa vizuri huchelewa kujibu au hazijibu kabisa.

Kiwanda si mwisho wa safari. Bunduki ya Uchina iliyotengenezwa miaka ya 1970 inaweza kuwa imepita nchi 3 kabla ya kufika Walikale. Chombo cha kimataifa cha kufuatilia silaha, kilichokubaliwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2005, kinaomba nchi inayoingiza silaha ipige chapa yake pia, ya jina la nchi na mwaka. Protokali ya Nairobi ya 2004, ambayo Kongo iliitia sahihi, inaomba jambo hilo hilo. Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa 2010 na kuanza kufanya kazi Machi 2017, unaliomba tena kwa Afrika ya kati. Karatasi zipo za kutosha. Kituo cha kikanda chenye makao yake Nairobi, RECSA, kilisaidia nchi wanachama kupata mashine za kupiga chapa.

Mashine si kitu kigumu. Kigumu ni rejista. Chapa bila rejista ni sawa na sanduku la kuunganisha la yule muuzaji wa Ulaya: chuma ni halisi, herufi ni halisi, na bado haziambii mtu chochote. Lazima pawe na kitabu au kompyuta inayosema numero fulani ilipewa batalioni fulani tarehe fulani, na mtu wa kuandika bunduki inapopotea, inapovunjika au inapobadilishwa mtutu. Kazi hiyo katika jeshi lolote inamrudia fundi wa silaha. Ndiye anayeifungua kila bunduki, ndiye anayeona kwamba kulasi ina numero moja na mtutu una nyingine.

Na umuhimu wake unakua. Desemba 2022, kwa azimio 2667, Baraza la Usalama liliondoa sharti la kuliarifu kabla ya kuiuzia serkali ya Kongo silaha au kuipa msaada wa kijeshi. Kinshasa ilikuwa imelidai hilo kwa miaka, ikisema sharti hilo linaifunga mikono. Vikwazo kwa makundi yenye silaha vilibaki. Maana yake ni kwamba jicho la nje limepungua kwa silaha zinazoingia kihalali, na uzito wa kuziandika ukabaki kwa serkali yenyewe. Miaka miwili baadaye, Januari na Februari 2025, Goma na Bukavu zikaanguka mikononi mwa M23, na vifaa vya jeshi vikabaki nyuma. Silaha ambayo haikuandikwa kabla ya siku hizo haitaweza kuelezwa vizuri baadaye, popote itakapoonekana na mikononi mwa yeyote.

Katika programu za kunyang'anya silaha, kilo na idadi ndivyo vinavyotangazwa. Kijana anayeleta bunduki anaandikishwa, bunduki inawekwa pembeni. Ni haki, kwa sababu uhai wa watu uko kwanza. Lakini fundi wa kijijini anayezifanya bunduki chakavu zipige tena kwa tupa na waya hayumo katika hesabu hiyo kama fundi. Anajua mambo ambayo hakuna ripoti inayoyajua: silaha gani zinapita, zinaharibika wapi, vipande vinatoka wapi. Na akibaki bila kazi nyingine, bunduki 10 zilizochomwa hadharani zinaweza kufuatwa na 10 zilizofufuliwa usiku.

Sanduku la FP ni mali ya nani

Linabaki swali ambalo wakusanyaji wa Ulaya hawalipendi. Ikiwa chombo kina herufi FP, na chapa ni ya kweli, kilikuwa mali ya nani?

Jibu la haraka ni Ubelgiji. Sheria ya wakati huo inasema vingine. Katiba ya koloni ya Oktoba 1908, katika kifungu chake cha kwanza, ilisema kwamba Kongo ya Wabelgiji ina utu wake kisheria, tofauti na ule wa Ubelgiji, na kwamba mali na madeni ya pande hizo mbili vinabaki mbalimbali. Bunge la Brussels lilitaka kifungu hicho ili mlipa kodi Mbelgiji asilipie koloni. Matokeo yake ni kwamba Force Publique iligharimiwa na bajeti ya koloni, yaani kodi za wakaaji, shaba ya Katanga, pamba, dhahabu ya Kilo-Moto. Turnevisi iliyonunuliwa Herstal kwa ajili ya jeshi hilo ililipwa na Kongo.

Ubelgiji ilipitisha sheria tarehe 3 Julai 2022 inayofungua njia ya kurudisha vitu vya wakati wa ukoloni. Ilikuwa majuma machache baada ya mfalme Philippe kuleta Kinshasa kinyago cha Kakuungu kwa mkopo, na baada ya jino la Patrice Lumumba kurudishwa kwa familia yake. Sheria hiyo inahusu mali ya serkali ya shirikisho, ile iliyo katika nyumba kama AfricaMuseum ya Tervuren. Haimgusi mtu binafsi mwenye kabati lake la vioo. Vinyago na sanamu vina watetezi wake, na tangu 2019 Kinshasa ina jumba jipya la makumbusho la taifa. Vyombo vya fundi wa jeshi haviko katika mazungumzo hayo, labda kwa sababu havipendezi macho, labda pia kwa sababu vinakumbusha jeshi ambalo Wakongomani wengi hawataki kulikumbuka. Wengine wangesema hilo la pili ndilo sababu ya kuvitafuta.

Kumjua mwenyewe wa sanduku kunahitaji karatasi: oda, orodha za depo, barua za kiwanda. Kumbukumbu za Force Publique ziko Brussels, katika zile Archives africaines zilizokuwa chini ya wizara ya mambo ya nje na ambazo zilianza kuhamishiwa kwenye Archives ya taifa ya Ubelgiji. Sheria ya 2022 imeziacha kumbukumbu nje kabisa, kwa jina. Mtafiti wa Bukavu au Kisangani anayetaka kujua koloni ilinunua masanduku mangapi ya fundi, na yalipelekwa kambi gani, analazimika kwanza kuomba viza.